Anti, mimi bonge kabisa nakula nashiba, inakuwaje naambiwa sina damu?

Anti shikamoo, natumai u mzima. Naomba unisaidie maana hapa nilipo nimechanganyikiwa na ndugu zangu nao ndo wananimaliza kabisa.

Mimi ni binti wa miaka 29, naishi Tandika, nauza vitenge kwenye duka la mtu pale Kariakoo. Mwezi uliopita dada yangu alijifungua kwa operesheni, ikatakiwa damu, hospitali wakasema ndugu waje wachangie. Mimi ndo nikajitokeza wa kwanza, mimi ndo bonge la familia, kilo 84, kila mtu anasema huyu hata akitoa ndoo nzima hatutaona tofauti. Kufika pale nesi akanitoboa kidole, akadondosha tone kwenye kichupa chenye maji ya bluu, tone likaelea, halizami. Akaguna. Akanipima tena na kile kimashine kikasoma 8.4, akaniambia dada wewe hapa huwezi kutoa damu, wewe mwenyewe unahitaji. Nilicheka nikajua ananitania.

Sasa shida ikaanzia hapo. Mjomba na mama mdogo walikuwa wamekaa nje, wakaona natoka fasta bila hata plasta ya mkononi, basi kufika jioni kwenye grupu la familia maneno ya chini chini, ooh huyu wamemkataa, hospitali hawamkatai mtu bure, lazima ana ngoma. Nimepima Anti, niko salama, lakini ndo nitembee na karatasi nimuonyeshe kila mtu?

Halafu mimi nakula jamani. Asubuhi chai ya rangi na chapati mbili au vitumbua, mchana chipsi kavu au zege na soda, jioni ugali wa sembe au wali na tembele au mchicha, maharage mara moja moja, nikimaliza lazima nishushie chai, bila chai mimi silali. Nyama ni Jumapili nikienda kwa mama. Matunda sio mpenzi sana.

Ila ni kweli nachoka. Stoo yetu iko ghorofa ya tatu, nikipanda ngazi natweta, moyo unadunda mpaka nausikia masikioni, nikiinuka ghafla macho yanaingia giza. Mimi nilijua ni unene tu. Na kingine naona aibu kusema, nakula pemba, ule udongo wa sokoni, kila siku, na mvua ikinyesha ile harufu ya vumbi mate yananijaa. Barafu nayo naitafuna. Wanasema nina mimba, sina, nimepima hiyo pia.

Zahanati walinipa vidonge vya kuongeza damu, nikawa nameza asubuhi na chai yangu visinichome tumbo, choo kikawa cheusi tii halafu kigumu, nikaogopa nikaacha. Jirani anasema ninywe juisi ya bitiruti na rozela, mwingine anasema nisage matembele mabichi nichanganye na maziwa, mwingine anasema maini nusu kilo kila siku, sasa hela ya maini kila siku naitoa wapi mimi? Siku zangu zinaenda saba mpaka nane na zinatoka nyingi lakini hilo nimeshazoea, ndo nilivyo.

Hivi kweli mtu mnene anaweza kukosa damu kwa sababu ya chakula? Na mtu wa kipato changu anakula nini?

Bonge Asiye na Damu, Tandika

*

Marahaba mwanangu. Pole sana, na mpe hongera dada.

Ngoja tuanze na hao wa kwenye grupu maana naona ndo wanakunyima usingizi kuliko hata hiyo 8.4 yenyewe. Ukienda kuchangia damu, lile tone la kidole la mwanzoni linapima wingi wa damu, basi. Ukimwi, homa ya ini B na C, kaswende, hivyo vinapimwa maabara kwenye damu ambayo imeshatolewa tayari iko ndani ya mfuko, na wewe hata sindano ya mfuko hukuchomwa. Yale maji ya bluu ni mrututu uliochanganywa kwa kipimo maalum, damu yenye HB (hicho ndo kipimo cha wingi wa damu, ile 8.4 yako) ya kama 12.5 kwenda juu ni nzito inazama, pungufu ya hapo inaelea. Kwa hiyo nesi aliyekurudisha hakujua lolote kuhusu mambo yako mengine, alijua tu kwamba huna damu ya kugawa. Mtumie mjomba aya hii kama ilivyo na umuulize na yeye ya kwake ilisoma ngapi, maana sijaona umeandika kwamba alichangia.

Haya. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 au zaidi, mjamzito 11. Ukiwa kati ya 8 na 10.9 unahesabiwa una upungufu wa kati, chini ya 8 ni mkali, kwa hiyo wewe umesimama mlangoni kabisa. Na hauko peke yako hata kidogo, ule utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta wanawake kama 45 kwa kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 hapa Tanzania wana upungufu wa damu, watoto wa chini ya miaka mitano ndo usiseme, 58. Ukipanda daladala ya kurudi Tandika jioni jua kwamba wanawake karibu nusu humo ndani nao wamepungukiwa damu, wengi hawajawahi kupimwa wanasema tu "nimechoka na jua".

Unaniuliza mnene anaweza kukosa damu. Anaweza, na nimewaona wengi. Hizo kilo 84 zimejengwa na ngano, viazi, mafuta na sukari, na hivyo vitu vinashibisha na vinanenepesha lakini havitengenezi damu. Damu inatengenezwa na madini ya chuma, foliki asidi, vitamini B12 na protini. Chembe nyekundu zinabeba hewa ya oksijeni kutoka kwenye mapafu kupeleka mwilini, na kinachoishika hiyo hewa ni hemoglobini, ambayo bila chuma haitengenezeki. Wewe mwili wako sasa hivi ni kituo cha Kariakoo saa kumi na mbili jioni, abiria wamejaa na magari hayatoshi, ndo maana moyo unadunda, unajaribu kuyazungusha haya machache harakaharaka. Na chembe zenyewe zinaishi miezi minne tu hivi, inabidi nyingine zitengenezwe kila siku, kwa hiyo ukila vibaya mwaka mzima hauonekani siku moja, unashuka taratibu mpaka unazoea kuchoka unaona ndo maisha.

Sasa sahani yako. Mwanaume anahitaji kama miligramu 8 za chuma kwa siku, mwanamke wa umri wako 18, tofauti hiyo inaletwa na hedhi. Asubuhi yako chapati, siyo tupu moja kwa moja, tangu 2011 kanuni zinataka viwanda viongeze chuma na foliki asidi kwenye unga wa ngano, basi kale kachuma kaliko kwenye chapati unakamwagia chai ya rangi juu yake. Mchana chipsi na soda, hapo hapana kitu, zege lina mayai angalau. Jioni sembe, kama ni ya mashine ya mtaani ile iliyokobolewa mpaka ikawa nyeupe, kiini na ganda vimebaki kwa mwenye mashine vinakuwa chakula cha kuku, na hakuna aliyeongeza kirutubishi chochote. Halafu tembele. Tembele na mchicha vina chuma, sikatai, lakini chuma cha majani na cha maharage ni kigumu kuingia mwilini, kwa kawaida kinaingia asilimia 2 mpaka 20 na mara nyingi ni huko chini, wakati cha nyama na samaki kinaingia asilimia 15 mpaka 35. Na hicho kidogo cha majani kilichotaka kuingia, ukakishushia chai tena.

Yaani mwanangu chai yako ndo naiona kila mahali kwenye hii barua. Ile rangi na ule uchungu wa majani ya chai unakamata chuma tumboni kinatoka kama kilivyoingia, chai na chakula pamoja inaweza kukunyang'anya zaidi ya nusu ya chuma kilichokuwemo kwenye hayo majani na maharage. Kahawa vilevile. Na ukimeza kidonge cha chuma na chai, sehemu kubwa ya kidonge inapotea bure. Sikwambii uache chai, mimi mwenyewe mtu wa pwani, aliyeniambia niache chai hatukuelewana mpaka leo. Nakwambia iondoe mezani tu, kunywa saa nzima baada ya kula au saa nzima kabla. Chai ya saa kumi hapo dukani, na kashata yako, hiyo haina ugomvi na mtu.

Badala ya chai weka kitu chenye vitamini C kwenye chakula hichohicho, siyo baadaye, maana kazi yake inafanyika vikikutana tumboni. Kamulia ndimu kwenye mchicha ukishaepua. Kachumbari mbichi na hoho. Chungwa la Muheza ambalo wanakumenyea pale nje ya duka lako, pera, embe msimu ukifika, juisi ya ubuyu isiyo na sukari ya kutisha. Unasema matunda sio mpenzi, haya chukulia ni dawa, chungwa moja na ugali wako wa jioni, hata usipolipenda.

Kuhusu hela ya maini, wala usihangaike na nusu kilo kila siku, huyo jirani anakutia hasara bure. Ini mara moja au mbili kwa wiki inatosha sana, robo mnakula na mtu wa pili (na siku ukipata mimba punguza, ini lina vitamini A nyingi mno kwa mjamzito, watu hawaambiwi hili). Maini ya kuku ni mazuri na ni rahisi, firigisi pia. Muulize mwenye bucha bandama, wengi hawalitaki kwa sababu ya sura yake, lakini lina chuma kingi kuliko hata ini. Pweza naye ana chuma na B12, wanaume wanamgombania na supu yake jioni kwa sababu zao wanazozijua, na wewe kapange foleni.

Lakini mkombozi wa mtu wa kipato chako ni dagaa. Wa Mwanza, wa Kigoma, dagaa mchele wa huku kwetu, wote. Dagaa unamla mzima, na ana jambo moja zuri ambalo ningependa ulishike kuliko yote niliyoandika hapa: nyama au samaki kidogo tu ukimchanganya kwenye chungu kimoja na maharage au majani, anasaidia chuma cha hayo majani nacho kiingie. Kwa hiyo huhitaji sahani ya nyama, unahitaji kiganja cha dagaa ndani ya mchicha, au kwenye maharage yale ya nazi, na ndimu juu. Nunua sado mwisho wa mwezi ukipata mshahara, weka pakavu, utapika mpaka mwezi ujao. B12 nayo haipatikani kwenye majani wala nafaka kwa asili yake, ni nyama, samaki, mayai na maziwa, kwa hiyo dagaa anakumalizia na hilo.

Maharage, kunde, choroko, loweka usiku kucha umwage maji ndo upike, inasaidia chuma kilichofungwa humo kiachie, na gesi itapungua. Mchicha usiuchemshe mpaka ugeuke kijivu halafu umwage supu, foliki asidi na vitamini C ndo umemwaga hivyo, ukatie mkubwamkubwa, dakika chache tu. Ila kisamvu usikiharakishe kwa sababu ya maneno yangu, kile kina sumu yake, kitwangwe na kichemke sana kama bibi alivyokufundisha.

Bitiruti na rozela. Watu wanaona rangi nyekundu wanasema damu hiyo. Bitiruti gramu 100 haina hata miligramu moja kamili ya chuma, ina foliki asidi, ni chakula kizuri, kunywa ukipenda lakini usiuze kitenge ukanunue bitiruti. Rozela kunywa kwa raha zako. Matembele mabichi ya kusaga na maziwa hapana kabisa, mbichi yanamwagiliwa maji tusiyoyajua huko mabondeni, na maziwa nayo yanazuia chuma kwa namna yake.

Sasa hapa nisikilize vizuri maana hapa ndo wengi wanakosea. Chakula peke yake hakitakutoa kwenye 8.4, au kitakutoa lakini utazeeka unasubiri. Ukila vizuri kabisa mwili unachukua chuma miligramu 1 au 2 tu kwa siku, na karibu kiasi hicho kinatoka kila siku, na kwa hedhi yako kinatoka zaidi. Pengo ulilonalo ni la mamia ya miligramu, hemoglobini iliyopungua pamoja na akiba ambayo ilishaisha kabla damu haijaanza kushuka. Chakula ni cha kukuzuia usirudi huku, kidonge ndo cha kukutoa. Kwa hiyo rudi zahanati uanze upya dozi waliyokuandikia. Choo cheusi ni chuma kilichobaki kinatoka, ndo kawaida yake, ungenishangaza kama kisingekuwa cheusi. Cha kuogopa ni choo cheusi kinachonata kama lami chenye harufu kali na tumbo linauma, hapo nenda hospitali, unaweza kuwa unavuja damu tumboni. Ugumu wa choo kunywa maji mengi, kula papai. Kidonge kimeze na maji au juisi ya chungwa, tumbo tupu kama unaweza, likikusumbua meza na chakula kidogo, ila siyo chai, siyo maziwa. Ukishindwa kabisa mwambie dokta, kuna wanaopewa siku moja moja na bado inapanda. Baada ya wiki nne pima, inatakiwa iwe imepanda 1 au 2. Na ikishafika 12 usiache hapohapo, endelea kama miezi mitatu ili akiba nayo ijae. Viweke juu mbali na watoto wa mtu yeyote, vile vya rangi wanadhani pipi, na mtoto akivimeza vingi vinaua.

Pemba na barafu nimevisoma bila kukucheka. Mwili uliokosa chuma una hiyo tabia ya kutamani visivyolika, udongo, barafu, mchele mbichi, hata chaki, na wengi chuma kikirudi hamu inakata yenyewe wanashangaa. Lakini udongo wenyewe unazidisha tatizo, unakamata chuma tumboni na unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Hamu ya udongo ikikushinda tafuna barafu, angalau haina minyoo kama maji ni safi. Na omba dawa ya minyoo hukohuko zahanati, ile safura inayoingilia miguuni inakunywa damu kila siku huku wewe unalaumu chakula.

Nimeacha la mwisho lile ulilolipitisha chinichini ukasema umeshazoea. Siku saba mpaka nane na zinatoka nyingi. Mwanangu hilo hulizoei. Kama unabadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, au yanatoka mabonge, au unavaa mbili kwa pamoja usiku, wewe unapoteza chuma kuliko hata mlaji nyama anavyoweza kurudisha. Chakula kibovu na hedhi nzito vikikutana kwa mtu mmoja ndo inatoka 8.4, mimi siamini chai peke yake ingekufikisha hapo. Ukienda kwa dokta useme hilo la kwanza, usisubiri akuulize, aandike kipimo cha damu kamili tuone chembe zenyewe zikoje, altrasaundi ya kizazi, na kama hujawahi kupimwa selimundu upimwe, hapa kwetu ipo sana na wenye nayo hawapewi chuma ovyoovyo. Malaria pia wacheki.

Na usikae nyumbani na dagaa zako ukisubiri kama umeanza kuzimia, au unatweta ukiwa umekaa tu, au kifua kinauma, au hedhi imekataa kukata. Hiyo ni kwenda siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, chukua bajaji.

Altrasaundi ikionyesha uvimbe kwenye kizazi niandikie tena kabla hujaanza kulia, upo wa aina nyingi, na siyo wote unaishia kwenye kisu.

Anti